Bomba Refu Haliondoi Sumu Kwenye Chang'aa

"Hii yangu ni safi, imepita kwa bomba refu." Msee akikuuzia keroro kwa maneno hayo, shika nauli yako mkononi na uende nyumbani. Pengine hakudanganyi kuhusu bomba. Bomba lipo, limechomelewa vizuri na linafanya kazi. Shida ni kwamba kazi linayofanya siyo ile unayodhani.

Video za watu wanaopika pombe kali kwenye gereji zao zimejaa mtandaoni. Nyingi zinatoka nchi kama New Zealand, ambako tangu mwaka wa 1996 sheria inamruhusu mtu kutengeneza pombe kali nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Unaona mzee wa miaka 60 na mtungi unaong'aa, mnara wa shaba juu yake, kipimajoto kwenye kichwa, na tone safi linadondoka kwenye glasi. Kijana wa Kayole au Mlolongo akiangalia hiyo kitu anaanza kupiga hesabu. Shaba anajua inauzwa wapi. Fundi wa kuchomelea anamjua. Na soko? Soko liko mlangoni.

Ninaelewa hiyo hesabu vizuri. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na mbogi yangu imejaa watu wenye mikono mizuri na mifuko mitupu. Ndiyo maana nataka tuongee kuhusu hili bomba kama watu wazima, bila mahubiri. Msimamo wangu ni huu: huu mtambo ni mzuri sana, lakini mahali pake si bedsita yako. Mahali pake ni kwenye chama chenye leseni na maabara, na serikali ndiyo imekataa kufungua mlango wa hapo mahali.

Linafanyaje kazi

Chang'aa inaanza na kangara: unga wa mahindi au mtama, sukari au molasi, na hamira. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi, yaani ethanoli. Baada ya siku kadhaa kangara inaweza kufika asilimia 8 au 10 ya kilevi. Halafu inachemshwa.

Ethanoli inachemka kwa nyuzi 78. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 ukiwa Mombasa. Hapa Nairobi, kwa sababu tuko juu ya mita 1,700 hivi, ni karibu nyuzi 94, na ethanoli nayo inashuka kidogo. Kwa hivyo mvuke unaotoka kwanza una kilevi kingi kuliko kangara yenyewe. Ukiupoza, unapata kitu kikali.

Mtaani kuna njia mbili za kuupoza. Ya kwanza ni ya nyumbani: sufuria kubwa jikoni, sufuria ndogo ndani yake, na karai la maji baridi juu kama kifuniko. Mvuke unagonga sehemu ya chini ya karai, unageuka matone, unadondoka kwenye sufuria ndogo. Njia ya pili ni ile ya kando ya mto, kama kule Mathare: pipa juu ya moto na bomba linalopita ndani ya maji ya mto. Mvuke unapita mara moja, unapoa, umemaliza. Kwa mpigo mmoja hivi, unachopata mara nyingi kiko kati ya asilimia 25 na 40.

Kipozeo cha rifluksi kinaongeza hatua moja. Juu ya mtungi unasimamisha bomba refu, mnara wa mita moja au zaidi. Ndani unajaza nyuzi za shaba au gololi, na karibu na kichwa unaweka koili inayopitisha maji baridi. Mvuke ukifika juu, sehemu yake inapozwa na kurudishwa chini kwa makusudi. Yale matone yanaposhuka yanakutana na mvuke mwingine unaopanda. Kilevi kilicho kwenye tone kinapata joto na kupanda tena. Maji yaliyo kwenye mvuke yanapoa na kushuka. Mchezo huo unajirudia mara nyingi ndani ya mnara mmoja, ni kama umepika na kupika tena bila kuzima moto. Mwishowe kichwani inatoka ethanoli ya asilimia 90 na zaidi. Dari yake ni karibu asilimia 96; ukifika hapo ethanoli na maji yanachemka pamoja na mnara hauwezi kuyatenganisha tena.

Hii si teknolojia ngeni kwetu. Pale Muhoroni, kiwanda cha kutengeneza ethanoli kutokana na molasi kinatumia wazo hilohilo, minara mirefu ya chuma. Hata ile sufuria ya nyanya yenye karai juu ina rifluksi kidogo: matone yanayoshika kwenye kuta na kurudi kwenye kangara kabla hayajafika kwenye sufuria ndogo. Nyanya hakuwa na jina la kisayansi la hiyo kitu, lakini ilikuwa inafanyika mbele yake kila siku.

Kitu ambacho mnara hauwezi

Tuanze na doh, kwa sababu huko ndiko wengi wanapoteza akili. Kangara lita 100 yenye asilimia 10 ina lita 10 za ethanoli. Ukitumia sufuria ya nyanya au mnara wa shaba wa maelfu ya shilingi, hazitazidi lita 10. Mnara hautengenezi pombe, unaikusanya tu. Na unaikusanya kwa gharama. Ukirudisha vipimo vitatu chini ili uchukue kimoja, maana yake umechemsha vinne kupata kimoja. Moto unaongezeka hivyo, na maji ya kupozea pia. Nimepiga hesabu: kwa mwendo huo, ikiwa maji yako yanaingia baridi na kutoka yameongezeka nyuzi 30 hivi, kila lita ya ethanoli inakula karibu mtungi mzima wa lita 20. Mzee wa New Zealand anafungua mfereji tu. Wewe unanunua maji kwa mtungi, na siku mfereji umekauka bei inaruka. Video haikuambii hiyo.

Sasa tuje kwenye sumu, maana hapo ndipo watu wanakufa.

Kinachoua kwenye chang'aa mbaya ni methanoli. Wengi wanaamini methanoli inatoka kwenye upishi, kwamba mgema mvivu hakumwaga kikombe cha kwanza. Ukweli ni kwamba kangara ya mahindi na sukari inatoa methanoli kidogo sana. Matunda yanatoa zaidi kwa sababu ya pektini iliyo kwenye maganda na nyama yake, lakini hata hiyo kwa kawaida haifiki kiwango cha kuua kijiji. Methanoli inayojaza mochari ni ile ya viwandani, inayotumika kwa rangi na kemikali, ambayo mtu ameinunua na kuimimina ndani ili pombe iwe nyingi na iwe na makali. Inanukia kama kilevi. Inalewesha kama kilevi. Na inamiminwa baada ya pombe kupikwa, sehemu ambayo hakuna mnara unaoweza kufika.

Kwa hivyo mpishi anaweza kuwa mwaminifu, mnara wake ukawa mzuri, na bado wewe ukafa, kwa sababu kati yake na glasi yako kuna msafirishaji, mwenye duka la jumla na mwenye baa, na kila mmoja ana nafasi ya kuongeza kitu.

Na kama methanoli imo tayari kwenye mtungi kabla ya kuchemsha? Watu husema inachemka kwa nyuzi 65, kwa hivyo mwaga ya kwanza, umepona. Ingekuwa hivyo kama ingekuwa peke yake. Ikichanganyika na maji na ethanoli, haitoki yote mwanzoni. Kwenye mtungi wa kawaida inaendelea kutoka kidogokidogo hadi mwisho. Mnara ukiendeshwa na mtu anayejua, polepole, unaweza kuikusanya nyingi mapema. Lakini atajuaje imeisha? Pua haimwambii. Ulimi haumwambii. Kipimajoto hakimwambii kwa uhakika. Anahitaji mashine ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja na kuzipima. Hiyo haiuzwi Gikomba.

Na ile ya kuwasha kiberiti uone moto wa buluu? Achana nayo. Ethanoli inawaka buluu. Methanoli nayo inawaka buluu hafifu, mchana hata huioni. Ukichanganya zote mbili bado unapata moto mzuri wa kuchezea. Kipimo hicho kinakuonyesha kwamba pombe inawaka. Hakuna kingine.

Majina ya mitaa tunayoyajua

Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli, wengi wao kutoka mitaa ya mabanda kama Mukuru. Mei 2014 ikawa zamu ya Embu, Kiambu, Makueni na Kitui, makumi ya watu ndani ya siku chache. Februari 2024 ikawa Kirinyaga, kijiji cha Kangai, watu 17. Hiyo ya Kirinyaga inauma zaidi, kwa sababu taarifa za serikali zenyewe zilieleza kwamba pombe ile ilikuwa imeshikwa na polisi, ikawekwa kituoni kama ushahidi, kisha ikapata njia ya kurudi baa.

Angalia vizuri hayo matukio. Hakuna hata moja ambalo lingezuiwa na mnara mzuri zaidi. Hakuna ambapo tatizo lilikuwa mgema kukosa kipozeo. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kabla chupa haijafunguliwa, na njia ya kujua ile chupa imetoka kwa nani.

Mwilini, methanoli yenyewe si mbaya sana mwanzoni. Ini ndilo linaigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa macho. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu. 30 zinaweza kumuua. Na inachukua muda. Unalala vizuri, unaamka ukidhani ni hangova, na kati ya saa 12 na 24 ndipo macho yanaanza kuona ukungu. Wenzako wanakucheka kwamba umezidiwa na keroro, kumbe unaenda.

Bedsita si kiwanda

Kuna hatari nyingine ambayo haihitaji methanoli kabisa. Mvuke wa ethanoli unashika moto ukiwa umechanganyika na hewa kwa kiwango cha asilimia 3 tu. Pombe ya asilimia 90 inayodondoka kwenye chombo kilicho wazi inatoa mvuke huo hata kabla hujaisogeza karibu na moto, kwa joto la kawaida la mchana. Sasa weka hiyo kitu kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, jiko la gesi chini, dirisha limefungwa ili jirani asisikie harufu. Maji ya kupozea yakikatika dakika tano tu, mvuke wote ambao ulikuwa unageuzwa tone unatoka kichwani ukiwa mvuke, unashuka hadi penye moto. Ploti nzima ina mlango mmoja na ngazi moja.

Ongeza vifaa. Mtu anatumia pipa lililobeba kemikali kwa sababu ni bei nafuu. Anatumia rejeta ya gari kama kipozeo, na rejeta nyingi za zamani zimeunganishwa kwa risasi. Anaunganisha bomba kwa risi yenye risasi ndani yake. Risasi haichemki wala haipiti na mvuke; inatolewa na pombe yenyewe ikipita kwenye bomba, na inaingia kwenye glasi. Haiui usiku huohuo. Inakaa kwenye mifupa ya mnywaji na kula ubongo wake polepole.

Halafu kuna sheria. Kupika pombe ya kuuza bila leseni ni kosa kwa sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, na kutengeneza bidhaa ya ushuru bila leseni ya mamlaka ya ushuru ni kosa lingine. Mnara wa shaba ni ushahidi unaoonekana kutoka mlangoni. Huwezi kuuambia umma kwamba ulikuwa unapika ugali.

Wenzetu waliwahi kufika hapa

Msidhani sisi ndio wa kwanza kuwa na wagema wanaokimbia polisi. Skotlandi ya miaka 200 iliyopita ilikuwa hivyo. Ushuru ulikuwa mkali, mitambo midogo ilikatazwa, na milima ilijaa watu wanaopika usiku. Askari walivunja mitungi, kesho ingine ikachomelewa. Mwaka wa 1823 bunge la Uingereza likabadilisha mbinu: likapunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata mkulima wa Glenlivet aitwaye George Smith, katika eneo lililojaa upishi wa magendo, akachukua leseni. Majirani zake walimtishia hadi akatembea na bastola mbili. Leo pombe ya hilo bonde inauzwa kwenye madirisha ya kioo ya Westlands.

Ireland kulikuwa na Aeneas Coffey, afisa wa ushuru aliyefanya kazi ya kuwawinda wagema wa vijijini na kuwahi kupigwa vibaya akiwa kazini. Alipoacha kazi akawa mwenye kiwanda, na mwaka wa 1830 akapata hataza ya mtambo wa minara miwili ambao hadi leo jina lake linatumika. Wazo la mvuke kukutana na matone yanayoshuka, lile lile la rifluksi, ndilo moyo wake. Mtu aliyevunja mitungi ndiye aliyekuja kuwapa wapishi mtambo bora. Lakini aliuweka kiwandani, chini ya macho ya ushuru.

Karibu zaidi, Uganda ilijaribu kitu katikati ya miaka ya 60. Wagema wa enguli vijijini walitakiwa kuwa na leseni na kuuzia kiwanda, kiwanda kikaipika upya, kikaisafisha na kuijaza chupani kama Uganda Waragi. Ukiangalia vizuri, huo ni mnara mmoja unaohudumia mitungi mingi. Wazo zuri, na bado halikumaliza tatizo: wengi waliendelea kupika nje ya mfumo, na Aprili 2010 waragi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 80 upande wa Kabale. Somo lake linauma: mnara wa pamoja bila kupima kile kinachouzwa vichochoroni unaokoa wale wanaoweza kununua chupa yenye nembo tu.

Mlango wetu uko juu sana

Kenya ilipiga chang'aa marufuku kwa sheria maalum mwaka wa 1980. Miaka 30 ya misako haikuimaliza. Mwaka wa 2010, sheria iliyosukumwa na John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha, ikafuta marufuku hiyo. Ndiyo, umesoma vizuri: chang'aa si haramu kwa jina lake. Ukiwa na leseni, ukatimiza viwango na kuijaza kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250 yenye lebo, unaruhusiwa.

Sasa nionyeshe mama mmoja wa Mathare au Korogocho aliyepitia huo mlango. Sheria iliandikwa kwa mtu mwenye kiwanda, wakili na mashine ya kufunga chupa. Waliopita ni wenye mtaji, wakatuletea vileo vya chupa ndogo vya bei ya chini, na hivyo navyo vikaleta maafa hadi Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza vifagiwe, na Machi 2024 serikali ikasimamisha leseni zake ili zikaguliwe upya. Mgema wa kichochoro alibaki palepale alipokuwa 1980: anapika, anamwagiwa, anatoa kitu kidogo, anapika tena.

Julai 2025 ilizinduliwa sera ya kitaifa inayopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sawa, tujadili. Lakini chang'aa ya kichochoroni haijawahi kuomba mtu kitambulisho. Ukimfungia kijana wa miaka 19 mlango wa baa yenye leseni bila kugusa upande ule mwingine, unajua ataenda wapi.

Tunachotaka

Kwanza, leseni ya wagema wadogo kupitia vyama vya ushirika, ada ikihesabiwa kwa lita wanazotoa. Mfano tunao tayari: maziwa. Mkulima wa Githunguri au Kipkelion hana kiwanda. Anakamua nyumbani, anapeleka kwa chama, maziwa yanapimwa hapo mapokezini, mabaya yanarudishwa, mazuri yanaingia kwenye tangi. Kwa nini chang'aa isipelekwe hivyo? Mama apike kwa pipa lake, apeleke kwa chama, ipimwe, ipite kwenye mnara mmoja mkubwa unaoendeshwa na mtu aliyefunzwa, itoke ikiwa na asilimia inayojulikana na chupa yenye nambari.

Pili, maabara. Katiba ya 2010 iliwapa magavana kazi ya leseni za pombe, na wanakusanya hizo ada kila mwaka. Sehemu ya hiyo pesa inunue mashine ya kupimia methanoli, na mtu yeyote aruhusiwe kuleta sampuli bila kuulizwa jina. Mwenye baa akishuku mtungi wake, asiogope kwamba kupima ni kujishtaki.

Tatu, methanoli yenyewe ifuatwe. Inaingia nchini kwa makaratasi, ina mwagizaji, ina mnunuzi. Iwekwe rangi na uchungu usiofichika kabla haijatoka ghalani, na kila lita iwe na anayeijibia. Ni rahisi kufuata matangi ya methanoli kuliko kufuata kila sufuria ya Kenya.

Nne, mafundi. Kijana wa jua kali anayeweza kuchomelea mnara usiovuja bila kutumia risasi ni rasilimali. Kuna kazi halali za mnara: kusafisha ethanoli ya vitakasa mikono, kutoa mafuta ya mchaichai na mkaratusi. Apewe cheti na oda, hatajificha.

Najua kuna watakaosema Kenya ina walevi wa kutosha, hivyo nataka kuongeza nini. Nimeishi kwenye ploti ambako watoto walilala njaa kwa sababu ya glasi, kwa hivyo siwezi kupuuza hoja hiyo. Sheria nzuri haitaponya ulevi. Lakini mlevi aliye hai anaweza kuacha siku moja. Aliyepofuka au aliyezikwa Kangai hana hiyo nafasi. Na wanaonywa hawaombi ruhusa yetu. Wanakunywa leo usiku.

Wakati tukingoja

Kwako wewe uliyekuwa ukitafuta bei ya bomba la shaba: wazo lako si la kijinga, lakini usiliweke chini ya paa unalolala na watu wengine. Pelekeni hoja ya chama kwa mwakilishi wa wodi mkiwa kikundi, bunge la kaunti linapokea maombi ya wananchi kwa maandishi. Ukitaka kujifunza minara, taasisi za kiufundi zina kozi za kemia ya viwandani na uchomeleaji.

Kwako unayekunywa: bomba refu si cheti. Rangi safi si cheti. Moto wa buluu si cheti. Na "mimi mwenyewe nimekunywa jana" pia si cheti, kwa sababu mtungi wa leo si wa jana.

Na kwa kila mtu: mwenzako akiamka siku ya pili analalamika kwamba haoni vizuri, tumbo linamkata, anapumua haraka kama aliyekimbia, usimwache alale "itoke". Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba amekunywa pombe usiyoijua. Usifiche ukiogopa polisi. Madaktari wana dawa ya kuzuia ini lisiendelee kugeuza ile sumu, na mashine ya kusafisha damu, lakini zote zinafanya kazi vizuri ukiwahi. Kama kuna iliyobaki kwenye chupa, ibebe. Na wale wengine waliokunywa mezani naye, wapigieni simu sasa hivi, hata kama wanasema wako poa.